Saini ya mume kwenye fomu ya upandikizaji mimba: ridhaa ni ya nani?

Subira (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wenye ujuzi wa sheria, tiba ya uzazi na maadili. Mimi na mume wangu tunajiandaa kwa upandikizaji mimba, yaani mayai yangu kurutubishwa maabara kisha kuwekwa katika mfuko wa uzazi, baada ya vipimo kuthibitisha kwamba mirija yangu ya uzazi imeziba. Kliniki imetupa fomu ya ridhaa ambayo tunatakiwa kuirejesha kabla sijaanza sindano, nami kila nikiisoma nazidi kukosa utulivu. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba mke anakubali kuchomwa homoni, kutolewa mayai na kuwekewa viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua), na chini yake kuna nafasi mbili za saini, ya mume ikiwa juu na ya mke ikifuata. Ukurasa wa mwisho unatutaka tuweke alama ya vema kwenye kisanduku kimoja kati ya vitatu, kueleza viinitete vilivyogandishwa vifanyweje iwapo ndoa itavunjika: viteketezwe, vitolewe kwa utafiti, au wapewe wenzi wengine. Hakuna kisanduku kinachosema kwamba nitaendelea kuvitumia mimi.

Mume wangu ni mtu mwema na hatuna ugomvi wowote, kwa hiyo siulizi kwa kumshuku. Ninachotaka kuelewa ni msingi wa mambo haya. Kwa nini saini yake ihitajike, tena itangulie, kwa jambo linalofanyika ndani ya mwili wangu? Akibadili nia baada ya mayai kurutubishwa, je, sheria inampa nguvu ya kuzuia, na mimi nikibadili nia ninayo nguvu hiyo hiyo? Wapo wanaosema kwamba tiba hii ibaki kati ya mwanamke na daktari wake bila serikali kuingilia, na wapo wanaosema kwamba pasipo sheria kali wanawake ndio watakaoumia kwanza. Naona ukweli katika kauli zote mbili, na ndiyo maana nashindwa kujua kama fomu hii inanilinda au inaniweka chini ya usimamizi wa mtu mwingine.

Mwanasheria wa Familia

Dada Subira, umefanya vema kuisoma fomu kabla ya kuitia saini, kwa sababu wengi huisoma kwa makini siku ambayo mgogoro umeshafika kwa wakili. Kasoro yake ni kwamba imekusanya ridhaa tatu zisizofanana na kuzifunga pamoja, ilhali kila moja ina mwenyewe.

Ridhaa ya kwanza ni ya mwili, yaani sindano, dawa za usingizi, kutolewa mayai na kuwekewa kiinitete. Hiyo ni yako peke yako, kama ilivyo kwa mtu mzima yeyote mwenye akili timamu anayepata matibabu, na unaweza kuiondoa hata ukiwa umeshalala kitandani ukisubiri kuwekewa. Ya pili ni ya mbegu: mume wako ana haki ya kukubali au kukataa mbegu zake zitumike kutengeneza viinitete, na wewe una haki iyo hiyo juu ya mayai yako. Ya tatu ni ya uzazi mbele ya sheria, yaani nani atahesabiwa kuwa baba, na hapo saini ya mume ina uzito mkubwa hasa pale zinapotumika mbegu za mchangiaji, kwa maana bila saini hiyo mtoto anaweza kuja kukanwa na mtu aliyemtarajia kuwa baba yake. Kwa hiyo kumtaka mume asaini ni halali kwa ridhaa ya pili na ya tatu. Kumtaka asaini ili wewe uchomwe sindano hakuna msingi wowote, na ninaliona kuwa ni mabaki ya zama ambazo mke alihesabiwa kuwa chini ya mamlaka ya mumewe hata hospitalini.

Kuhusu kubadili nia, mahakama za dunia zimegawanyika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 inamruhusu kila mmoja aliyetoa mbegu au yai kuondoa ridhaa yake wakati wowote kabla kiinitete hakijawekwa katika mfuko wa uzazi. Mwaka 2001 mwanamke aitwaye Natallie Evans alilazimika kuondolewa ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe uliokuwa unaelekea kuwa saratani. Kabla ya upasuaji mayai yake yalirutubishwa kwa mbegu za mwenzi wake, na viinitete sita vikagandishwa. Mwaka uliofuata uhusiano ulivunjika, mwanamume akaondoa ridhaa, na kuanzia hapo kila mahakama aliyoiendea ilimwambia kwamba sheria iko wazi. Aprili 2007 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya lilimkatalia kwa kura 13 dhidi ya 4, ingawa majaji walikiri kwamba viinitete vile vilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kupata mtoto wa damu yake. Kinachoniuma zaidi katika kumbukumbu za kesi hiyo ni kwamba alikuwa ameuliza mapema kama mayai yake yangeweza kugandishwa bila kurutubishwa, akajibiwa kwamba kliniki haikuwa na huduma hiyo.

Miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, mwaka 1996, Mahakama ya Juu ya Israel ilikuwa imeshakabiliana na jambo linalofanana na hilo, likimhusu mwanamke aliyekwisha kupoteza kizazi chake kwa sababu ya saratani, na wengi wa majaji waliamua kwamba aendelee kuvitumia viinitete licha ya pingamizi la mume. Huko Tennessee nchini Marekani, katika kesi ya Davis ya mwaka 1992, mahakama ilisema kwamba kiinitete si mtu wala si mali, bali kinastahili heshima ya pekee, na kwamba kwa kawaida anayekataa kuwa mzazi ndiye atakayeshinda, isipokuwa kama mwenzake hana njia nyingine ya busara ya kupata mtoto. Italia nayo ilikwenda upande wa pili kabisa: sheria yake ya mwaka 2004 inasema kwamba ridhaa haiondoleki tena yai likisharutubishwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya huko ilikataa kuibatilisha kanuni hiyo katika shauri la mwanamke aliyetaka kuendelea ingawa alikuwa ameshatengana na mumewe.

Maoni yangu ni kwamba kanuni ya Uingereza ina sifa ya kueleweka mapema, nayo si sifa ndogo, lakini inawahesabu watu wawili kuwa wametoa sawa wakati hawakutoa sawa. Tangu marekebisho ya mwaka 2008 sheria hiyo inatoa muda wa kutafakari wa miezi 12 pale mmoja anapoondoa ridhaa, ili viinitete visiteketezwe papo hapo. Hilo linapunguza ukali wake, ila halimpi mwanamke nguvu yoyote mwanamume akishikilia msimamo. Ningependelea kanuni ya Tennessee, inayoacha mlango kwa yule ambaye hana njia nyingine.

Nikija kwako wewe kubadili nia, jibu ni fupi. Hakuna saini ya zamani, yako wala ya mumeo, inayoweza kutumika kukulazimisha uwekewe kiinitete usichokitaka.

Mkunga Mwandamizi

Nimefanya kazi miaka mingi katika kitengo cha uzazi, na ningependa kuongeza mambo ambayo wanasheria huyapita haraka. Mwanasheria anaposema kwamba watu wawili hawakutoa sawa, wasomaji waelewe kwamba hasemi kwa kuonea mtu huruma. Mwanamke huchomwa homoni kila siku kwa siku kumi hivi au zaidi, akipimwa damu na ultrasaundi mara kwa mara, kisha sindano ndefu hupitishwa kwenye ukuta wa uke hadi kwenye ovari kuvuta mayai. Baadhi ya wanawake ovari zao huitikia dawa kupita kiasi, zikavimba, na maji ya mwilini yakavuja kuingia tumboni. Hali ikiwa kali huja na kukosa pumzi na damu kuganda, na mara chache huua. Mwanamume hutoa mbegu bila kuguswa na mtu. Ridhaa ambayo haikumweleza mwanamke hatari hizi kwa lugha anayoielewa, tena akiwa hajavaa gauni la upasuaji, mimi siiiti ridhaa hata kama imesainiwa.

Sasa kuhusu serikali kuingilia au kutoingilia, nimeona kwamba jawabu linategemea serikali inaingilia wapi. Sheria ile ya Italia ya mwaka 2004 iliamuru kwamba visitengenezwe viinitete zaidi ya vitatu, na kwamba vyote viwekwe kwa mkupuo mmoja. Bunge lilikuwa limechukua nafasi ya daktari. Mwanamke kijana aliyekuwa na viinitete vitatu vyenye afya alilazimika kuingia katika hatari ya mimba ya watoto watatu, na mwenye umri mkubwa ambaye angehitaji mayai mengi zaidi kurutubishwa alilazimika kurudia sindano upya. Mahakama ya Katiba iliifuta idadi hiyo mwaka 2009 kwa kuzingatia afya ya mwanamke.

Linganisheni na Ubelgiji, ambako tangu mwaka 2003 serikali hulipia gharama za maabara kwa mizunguko hadi sita kwa mwanamke ambaye hajatimiza miaka 43, kwa sharti kwamba aliye chini ya miaka 36 awekewe kiinitete kimoja tu katika mzunguko wa kwanza. Mimba za mapacha zilipungua sana. Hiyo nayo ni sheria inayoweka idadi, lakini tazameni ilivyofanya kazi. Katika chumba cha ushauri nimewasikia wanawake wengi wakiomba wawekewe viinitete vitatu au vinne, nami najua kwamba si kwa kupenda hatari. Ni kwa sababu fedha walizonazo zinatosha jaribio moja. Anayeamua huku akihofia kwamba hatapata nafasi nyingine hajaamua kwa uhuru kamili, hata kama hakuna mtu aliyemshika mkono. Ubelgiji iliiondoa hofu hiyo kwanza, ndipo ikaweka masharti.

Na kuna sheria ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya tiba hii kabisa, lakini huiangukia. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo la Alabama, Marekani, iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto kwa mujibu wa sheria ya karne ya 19 inayohusu fidia ya kifo cha mtoto. Kliniki kadhaa zilisimamisha huduma kwa kuogopa mashtaka, na wanawake waliokuwa katikati ya matibabu wakaambiwa wasubiri, hadi bunge la jimbo lilipopitisha mwezi Machi sheria ya kuzikinga. Mwili ulioandaliwa kwa homoni kwa wiki nzima haungoji bunge likutane.

Msema Wazi

Nawasalimu nyote, na namwombea dada Subira heri. Hata hivyo naona mazungumzo haya yana watu wawili tu, mke na mume, na kuna wengine ambao hawajatajwa. Mtoto hayumo. Anayezaliwa kwa mbegu au yai la mchangiaji hukua na swali ambalo hakulichagua, na kwa miaka mingi wakubwa waliamua kwa niaba yake kwamba asilijue jibu. Sweden ilifungua njia mwaka 1985 kwa kumpa mtoto haki ya kumjua mchangiaji akikua, na Uingereza ilifuata kwa wachangiaji waliojiandikisha kuanzia Aprili 2005. Wapo waliolalamika kwamba hatua hizo zinaingilia faragha na uhuru wa wazazi. Mimi naziona kuwa haki kabisa.

Mwingine asiyetajwa ni mwanamke anayebeba mimba kwa niaba ya wengine. Tukisema kwamba uamuzi wa mwanamke uheshimiwe, tuseme pia ni mwanamke yupi. India ilikuwa kwa muda mrefu kituo kikubwa cha biashara hiyo, wateja wakitoka mbali na kina mama maskini wakibeba mimba kwa mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Sheria ya mwaka 2021 ilipiga marufuku malipo na kuruhusu tu kubeba kwa kujitolea, mara moja tu maishani, kwa mwanamke wa miaka 25 hadi 35 aliyewahi kuolewa na mwenye mtoto wake mwenyewe. Wapo wanaosema kwamba imewanyima wanawake kipato na uamuzi juu ya miili yao. Je, ni uamuzi gani huo unaofanywa na mtu ambaye njia nyingine ya kulipa deni hana?

Tena imani za watu zisipuuzwe. Kanisa Katoliki lilitoa msimamo wake dhidi ya urutubishaji wa nje ya mwili mwaka 1987, na wanazuoni wengi wa Kisunni wanaukubali pale tu mbegu na yai vinapokuwa vya mume na mke walio katika ndoa hai. Mtunga sheria anayewapita watu hawa kana kwamba hawapo ataandika sheria isiyotiiwa.

Mwanasheria wa Familia

Ndugu Msema Wazi, kuhusu mtoto kujua asili yake tuko pamoja, nami ningeongeza kwamba kumbukumbu za mchangiaji ziwekwe na mamlaka ya umma, kwa sababu kliniki hufungwa na makabati yake hupotea.

Kuhusu imani, muumini ana haki kamili ya kukataa tiba hii kwa nafsi yake, na daktari muumini ana haki ya kutoishiriki. Ninapotofautiana nawe ni pale sheria inapogeuza imani hiyo kuwa kipimo cha nani anafaa kuwa mama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 ilizitaka kliniki zizingatie hitaji la mtoto kuwa na baba, na kwa kifungu hicho wanawake wasio na waume waliweza kukataliwa bila mtu kuchunguza kama wana uwezo wa kulea. Kifungu kilibadilishwa mwaka 2008 na kuwa hitaji la malezi yanayotegemeza. Ufaransa iliwafungulia mlango wanawake wasio na wenzi mwaka 2021. Nchini China, kwa upande mwingine, mwanamke mmoja aliyekataliwa na hospitali kugandisha mayai yake kwa kuwa hajaolewa alishindwa katika rufaa yake mwaka 2024, ilhali mwanamume asiye na mke anaruhusiwa kuhifadhi mbegu zake. Hapo hakuna mtoto anayelindwa, kwa maana hakuna hata kiinitete. Kuna mayai ya mwanamke mzima na mtu mwingine anayemwamulia.

Kuhusu anayebeba kwa niaba, hoja yako ni nzito na sitaipunguza. Lakini marufuku ya malipo haiondoi shinikizo. Mara nyingi hulihamishia ndani ya familia, ambako shemeji au mdogo wa mke hawezi kukataa bila kuonekana msaliti, na hakuna mkataba wala wakili wa kumtetea. Mfano ninaouthamini ni Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005. Malipo yamekatazwa isipokuwa gharama zinazotokana na mimba, lakini pia makubaliano hayana nguvu mpaka Mahakama Kuu iyathibitishe kabla ya mimba kutungwa, na mama anayebeba lazima awe ameshazaa na ana mtoto aliye hai. Kama yai ni lake, anaweza kuyavunja makubaliano ndani ya siku 60 baada ya kujifungua. Na katika muda wote wa mimba, uamuzi wa kuendelea nayo au kuitoa, ndani ya mipaka ya sheria, ni wake yeye. Waliomwomba wanastahili kuarifiwa na kushauriwa, si kuamua. Sheria hiyo haikumchukulia mwanamke huyo kuwa mjinga asiyeweza kukubali, wala haikujifanya kwamba kukubali kwake kunatosha peke yake.

Subira

Nawashukuru sana, na hasa kwa kuzitenganisha zile ridhaa tatu, kwa maana sasa naweza kueleza kinachonisumbua bila mume wangu kudhani namtuhumu. Nimemsomea majibu yenu naye amekubali kwamba ukurasa wa kwanza si wake. Linalobaki ni la vitendo. Kliniki ikisema kwamba fomu ni ile ile kwa wote na haibadilishwi, nifanye nini?

Mkunga Mwandamizi

Dada, fomu iliyochapishwa mara nyingi haibadilishwi, lakini karatasi ya nyongeza huongezwa, nimeona hilo likifanyika mara nyingi. Ombeni karatasi hiyo mwandike kwa pamoja mnavyotaka viinitete vifanyweje mkitengana, muitie saini wote wawili, na nakala yake ibaki kwenu. Mwanasheria atakuambia kama mahakama za kwenu zitaifuata, lakini angalau nia yenu itakuwa imeandikwa mkiwa na amani.

Pia uliza kama sehemu ya mayai yako inaweza kugandishwa bila kurutubishwa. Siku hizi mayai hugandishwa kwa njia ya haraka sana isiyoruhusu chembe za barafu kuunda ndani yake, na matokeo ni bora kuliko ilivyokuwa wakati wa kesi ile ya Uingereza. Mayai hayo yatabaki yako peke yako, bila kuhitaji ridhaa ya mtu mwingine. Gharama yake ni kwamba viinitete vya kuanzia vitakuwa vichache, na kama mayai yatakayopatikana ni machache sitakushauri uyagawe. Amua na daktari baada ya kuona ovari zinavyoitikia dawa. Mwisho, soma kifungu cha muda wa kuhifadhi. Uingereza inaruhusu hadi miaka 55 tangu Julai 2022, kwa sharti la kuthibitisha ridhaa kila baada ya miaka 10, lakini kliniki nyingine huandika muda mfupi na kuteketeza ada isipolipwa. Hakikisha taarifa hizo zinatumwa kwako pia, kwa anwani yako, na si kwa mume peke yake.